Zulia Lilibaki, Mama Akaondoka

Fundi cherehani alikuwa hodari wa suruali, lakini kumuuguza mama yake kulimshinda. Mama alikuwa amepooza upande mmoja. Siku moja alianguka akienda chooni. Nyumbani hapakuwa na mtu, akalala sakafuni mpaka jioni. Fundi akaogopa, akampeleka kwenye makao ya wazee.

"Kule kuna wahudumu," alimwambia mkewe. "Hataanguka tena."

Kweli, hakuanguka. Ataangukaje mtu asiyeinuliwa kitandani? Alivalishwa nepi, akalishwa kwa kijiko, akawashiwa televisheni. Miguu ikakonda. Mwanawe wa kumzaa akija, anakaa kidogo, anatazama saa, huyoo!

Siku moja mhudumu wa afya wa mtaa alileta gauni lipunguzwe.

"Mama hajambo?" aliuliza.

"Yuko salama."

"Hata mzigo stoo uko salama, kaka. Kwani alianguka kwa nini?"

Fundi akakuna kichwa. "Alijikwaa kwenye zulia. Halafu hapakuwa na pa kushika."

"Sasa ukamwondoa mama, ukaliacha zulia? Jamani!"

Fundi aliona aibu hata akajichoma sindano.

Mama akarudishwa. Mhudumu akaja kuwaelekeza. "Toeni zulia. Pigilieni ukutani ubao wa kushika, kutoka kitandani hadi chooni. Kaka, cherehani ilete hapa, akiita umsikie. Na mwacheni ale kwa mkono wake mzima, hata akimwaga. Mkimfanyia kila kitu, mtazidi kumlemaza. Mkichoka, ombeni jirani awapokee zamu. Mimi nitakuja kumfanyisha mazoezi."

Wakafanya hivyo. Taratibu miguu ikapata nguvu, na asubuhi moja mama akaenda chooni peke yake, mkono ubaoni.

"Mmeupigilia juu mno," alisema. "Mlidhani mimi twiga?"

Nyumba nzima ilicheka. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kesho yake fundi alimkuta mama amekaa kitandani. Amekunja nguo zake zote kwa mkono mmoja, amezitia kwenye mfuko, ameupakata.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Sijui, mwanangu. Nimejiandaa tu. Mara ile hukuniambia."

Fundi alipiga magoti. Akazitoa nguo moja moja, huku analia.

"Huendi popote, mama. Hapa ni kwako."

"Haya, baba," mama alijibu kwa upole.

Asubuhi iliyofuata akazikunja tena.