Komando ya Ng'ombe Wanane

Mji wa Bariadi siku hiyo ulikuwa umejaa vumbi na kelele. Malori ya pamba yalikuwa yamepanga foleni hadi karibu na stendi, na kila dereva alikuwa na honi yake na matusi yake. Kwandu alivuka barabara akitokea kwenye duka la dawa za mifugo alikokuwa muuzaji. Alivaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa kiunoni na raba nyeupe zilizopigwa brashi asubuhi, na alikuwa na haraka. Baba yake, Mzee Mboje wa Dutwa, alikuwa amempigia simu mara tatu. Mzee alikuwa ameuza pamba na sasa alitaka pikipiki. Hakutaka hizi za siku hizi zenye sura ya panzi. Alitaka yenye taa ya duara na tanki la mviringo, kama ile aliyokuwa akipakiwa na katekista enzi za ujana wake.

Mbele ya duka la pikipiki zilisimama mbili za namna hiyo, ubavu kwa ubavu. Zote zilikuwa nyekundu ya kuiva, zote na viti vya kahawia na vioo vya duara. Kwandu alizizunguka mara mbili asione tofauti.

"Hizi zinatofautiana nini?" alimuuliza kijana aliyechuchumaa akikaza nati.

Kijana akainua kichwa. Alikuwa mrefu, ovaroli la bluu amelifunga mikono kiunoni, na fulana yake nyeupe ilikuwa na alama ya kidole cha grisi kifuani.

"Zinatofautiana sana, mayu. Hii ni Komando, ile ni Kanali."

"Mayu wa nani? Nimekuzaa mimi?"

"Basi dada. Usinichape." Akasimama akifuta mikono. "Kanali ni mpya kabisa. Rimu za alumini, haina kabureta, mafuta yanapimwa na kompyuta. Unabonyeza, inawaka. Lakini ikikugomea, fundi wa kuigusa yuko Mwanza. Komando ni ya spoku na kabureta. Asubuhi ina maringo. Ila hata ikikuzimikia porini, unaifungua kwa spana mbili na unafika nyumbani."

"Na anayekaa nyuma?"

"Nyuma ya Kanali unakaa kama kwenye sofa. Komando kiti chake kifupi, inabidi umshike dereva."

"Hiyo ni sifa au kasoro?"

"Inategemea na dereva."

Kwandu akacheka bila kupenda. "Komando bei gani?"

"Haiuzwi. Hiyo ni yangu."

Hivyo ndivyo alivyomjua Zengo. Mzee Mboje aliambiwa kwamba iliyopo ni Kanali peke yake, akasema atakuja kuiangalia mwenyewe, hanunuliwi kitu kwa simu. Kwandu naye akawa haishiwi sababu za kupita mbele ya duka lile.

Wiki ya pili alipanda nyuma ya Komando na akamshika dereva. Walienda hadi Lamadi kula sangara wa kukaanga, wakarudi na harufu ya ziwa kwenye nguo. Simu zao zilikuwa za kila saa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula sauti yako."

"Basi utakufa njaa, maana nakata. Kuna mteja."

Ni mwezi wa pili wa mapenzi ndipo Kwandu alipouliza swali ambalo msichana yeyote wa Kisukuma lazima aulize. Walikuwa wamekaa nje ya duka lake, wanagawana muhogo wa kuchoma.

"Zengo, baba ataniuliza. Ng'ombe unao?"

"Ninao. Wanane. Wako Bukundi kule Meatu, kwa baba mdogo."

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Kwandu alifurahi mno, akaingia dukani na kutoka na chupa ya dawa ya kuogeshea mifugo. "Wapelekee. Kupe wa Meatu hawana adabu." Zengo akaipokea. Mwezi uliofuata akapokea nyingine, na nyingine tena. Zote tatu zilikaa chini ya kitanda chake, kwa sababu ng'ombe wa kuogeshwa hawakuwapo.

Walikuwapo zamani, na lazima niseme walikokwenda. Kwa Wasukuma, ng'ombe anaotolewa dada ndio wanaomwoza kaka. Shida, dada yake Zengo, aliolewa Kiloleli na mtu aitwaye Mayige, na wazazi wao walikuwa wameshafariki, kwa hiyo ng'ombe wake wanane wakaja mikononi mwa Zengo. Mwaka mzima aliwatazama. Kisha siku moja akaiona Komando, akapagawa. Akawapeleka ng'ombe mnadani wote wanane, akarudi mjini akiwa amekaa juu yao. Wakati huo hakuwa na mchumba, na alijiambia kuoa ni kwa wanaume wenye haraka. Ujinga wa kijana mwenye fedha mfukoni haujawahi kupata dawa.

Mwezi wa kumi, Jumamosi mchana, Shida alishuka kwenye basi akiwa amejifunika khanga usoni. Zengo aliifunua. Jicho moja lilikuwa limefumba, na mkono wa kushoto ulining'inia.

"Kaka, sirudi tena," alisema Shida. "Nimevumilia kwa ajili yako. Nilijua ng'ombe wangu ndio mke wako. Lakini sasa ataniua. Warudishie ng'ombe wao, niwe huru."

Zengo akamkumbatia. Juu ya bega la dada yake aliiona Komando imeegeshwa mlangoni, inang'aa. Siku hiyohiyo walikwenda hospitali, wakapita na polisi kwenye dawati la jinsia, maelezo yakaandikwa. Lakini jioni simu ya Mayige ikaingia.

"Kesi ni kesi, shemeji. Ng'ombe ni ng'ombe. Kama wasipokuwa zizini kwangu Jumapili ya wiki ijayo, nakuja na ndugu zangu kumchukua mke wangu. Hatuna mtoto, kwa hiyo ni wote wanane."

Shida alilala kwa dawa za maumivu hadi Jumapili adhuhuri, amegeukia ukutani, amevaa shati la kaka yake kwa kuwa lake lilikuwa na damu. Ndivyo Kwandu alivyomkuta. Alikuja bila kupiga simu, amevaa gauni la kanisani, mkononi ana chupa ya nne ya dawa ya kupe.

"Nani huyo?"

Zengo alisimama mlangoni. Akisema ni dada yangu, ataulizwa kwa nini amepigwa. Akisema kwa nini, ataulizwa kwa nini ng'ombe hawarudishwi. Akisema kwa nini, basi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayeumbuka huwa wa mwisho kuikumbuka methali.

"Ni mgeni," alisema.

"Mgeni amevaa shati nililokununulia mimi?"

"Kwandu, nitakueleza."

"Nieleze sasa. Nipo hapa, nimesimama, masikio ninayo mawili."

Zengo akauvuta mlango nyuma yake. Kwandu akaiweka chupa chini polepole na kuondoka. Alitembea hadi kona ndipo akalia, na alilia vibaya, wafanyabiashara wa nyanya wakamtazama.

Usiku Zengo alipiga simu mara kumi na saba. Ya kumi na nane ikapokewa.

"Mpenzi wangu, nisikilize. Sina mwanamke mwingine, naapa."

"Nitajie jina lake."

"Kwandu..."

"Jina lake tu, Zengo. Sikuombi kingine."

Alikuwa analo ulimini. Lakini Kwandu alikuwa ameshamwambia baba yake habari za ng'ombe wa Bukundi, na mzee alikuwa ameahidi kutuma mtu akalitazame zizi. Zengo akashindwa. Alisikia Kwandu akipumua, kisha simu ikakatika.

Kuanzia Jumatatu, kwenye Komando kulining'inia kipande cha boksi kilichoandikwa INAUZWA. Hakuna aliyeitaka. Vijana wa bodaboda walicheka: inabeba magunia mangapi hiyo? Mwalimu mmoja aliitaka kwa nusu ya bei. Wenye fedha walitazama Kanali mpya pembeni yake, wakauliza kwa nini mtu anunue mtumba wakati pacha wake yupo na karatasi zake. Jumanne ikapita, na Jumatano. Zengo hakuwa anakula. Shida alimtazama kwa jicho moja bila kuuliza kitu, kwa maana alikuwa ameshasoma lile boksi na kuelewa. Siku ya kwanza alisema tu, "Kumbe nilikuwa naliwa kule na huku." Hakurudia tena, na Zengo alitamani angerudia, angepiga kelele, angemrushia hata sufuria.

Alhamisi asubuhi Mzee Mboje alishuka mbele ya duka. Alivaa koti la suti juu ya kaunda suti na kofia ya pama, na nyuma yake alikuja Kwandu, uso umevimba kwa kukosa usingizi. Alikuwa amekataa kuja. Mzee alimwambia hakumuuliza.

"Mwangaluka," alisema mzee.

"Mwangaluka, baba." Zengo aliinama akakaribia kupiga magoti. Kwandu alitazama barabarani.

Mzee hakuuliza chochote kwanza. Alizikagua pikipiki kama ng'ombe wa mahari. Alizizunguka, akagonga tanki, akabonyeza kiti, akainama kutazama chini ya tumbo, akavuta mnyororo kwa kidole. Akapanda Kanali, akashuka. Akapanda Komando, akashuka akihema na kushika goti.

"Wewe ndiye fundi. Mimi nina miaka sabini na goti bovu. Ipi inanifaa?"

Hapo palikuwa na dada yake, palikuwa na Jumapili inayokuja, palikuwa na ndugu za Mayige. Neno moja la uongo lingetosha, na uongo alishauzoea. Zengo akafungua mdomo.

"Kanali, baba. Komando ni nzito, na kiki yake itakumaliza goti. Gia ya pili pia inateleza ikipata moto." Kisha akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya wapita njia wote. "Lakini nakuomba ununue hii. Nakusihi, mzee wangu. Na sitaki fedha. Nataka ng'ombe wanane."

"Wanane!" Mzee akarudi nyuma. "Pikipiki mbovu ya gia? Hii haifiki sita. Na nani anauza chuma kwa ng'ombe?"

Kwandu akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu Jumapili.

"Si unao wanane Bukundi?"

"Hakuna, Kwandu. Hawakuwahi kuwapo Bukundi. Ndio hii." Akaweka kiganja juu ya tanki. "Ng'ombe wa dada yangu Shida. Nimekalia mahari ya dada yangu na kukupakia juu yake. Yule uliyemkuta ni yeye. Mume wake amemvunja mkono, na Jumapili wanakuja kumchukua kwa sababu sina cha kurudisha. Sina. Nimewatafuna." Akalia waziwazi, na akajipaka grisi usoni kila alipojifuta.

Kwandu alishika mdomo. Alitaka kumpiga kofi na alitaka kumwinua, na hakufanya hata kimoja, kwa sababu baba yake alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti cha duka, pama mkononi.

"Yuko wapi huyo binti?" aliuliza mzee.

"Nyumbani kwangu, baba."

Mzee aliigeuza pama yake mkononi. Alipoongea hakumtazama mtu.

"Nilikuwa na dada, Eufrasia. Alikuja nyumbani hivyohivyo, tena mvua inanyesha. Ng'ombe wake nilikuwa nimeshawatoa mimi, nikamwoa mama yake Kwandu. Tukakaa kikao, tukasema avumilie. Mimi ndiye nilimsindikiza kurudi, nimembebea na mzigo." Akavaa kofia. "Kabla ya mavuno tukaenda kumzika."

Kwandu hakuwahi kuisikia habari hiyo maishani mwake. Akaenda kukaa kando ya baba yake pale kizingitini.

"Mlete dada yako Dutwa leo, akae na mke wangu," alisema mzee hatimaye. "Wanane utawapata. Na hilo dude lako nitalichukua, goti litajua lenyewe. Ila nikwambie kitu, kijana, usije ukasema nilikuficha. Binti yangu hatoki kwangu bila ng'ombe. Hawa sikupi ili unirudishie. Hawa ni wa Shida."

"Nimeelewa, baba."

"Hujaelewa. Utaelewa ukishatembea nao."

Jumamosi, jua ndilo kwanza linachomoza, ng'ombe wanane walitolewa zizini kwa Mzee Mboje. Mzee alikuwa ameshaongea na mwenyekiti wa kijiji cha Mayige ili ashuhudie makabidhiano. Shida alisimama langoni, mkono umefungwa plasta, akamtazama kila ng'ombe akipita hadi wa mwisho. Ndipo akakaa chini palepale akasema kwa sauti, "Asante Mungu," na mama yake Kwandu akamfuata na kikombe cha uji.

Zengo alitangulia na fimbo, viatu vya gereji miguuni. Alikuwa ameshatoka nje ya kijiji alipomsikia mtu anakimbia nyuma. Kwandu alikuwa amevaa gauni la kazi na kitambaa kichwani, ameshika kijiti.

"Nakusindikiza hadi lami," alisema akihema. "Usiniongeleshe kwanza."

Wakaswaga ng'ombe. Ndama jike mmoja akaingia kwenye shamba la watu, Kwandu akamrudisha kwa makelele ya Kisukuma. Lami ilipoanza kuonekana, Zengo akashindwa.

"Kwandu, nilikudanganya."

"Ulinidanganya miezi minne. Ukanichukulia na dawa zangu."

"Nisamehe."

"Bado."

"Nakupenda. Nataka kukuoa. Najua sina haki hata ya kusema, hawa wakishafika nitakuwa na spana tu. Itachukua misimu mitatu, labda minne. Baba yako atapata mtu mwingine, na sitaweza kumlaumu. Utanisubiri?"

Kwandu akasimama. Basi la Mwanza lilipita kwa kishindo, ng'ombe wakatawanyika kidogo, akangoja vumbi litulie. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na aliyaacha yatoke.

"Nitakusubiri," alisema, "lakini nitakusubiri nimekasirika. Huenda hata siku ya harusi nitakuwa nimekasirika. Utaweza kuishi na hilo?"

"Nitaweza."

Akamkabidhi kile kijiti chake, akamfuta grisi iliyokuwa bado imeganda nyuma ya sikio, akamsukuma begani.

"Basi swaga, mpenzi. Kiloleli ni mbali."