Niliezeka Paa, Shoga Yangu Akahamia

"Karibu, shoga! Vua viatu, nimetoka kudeki."

Maneno hayo niliambiwa mlangoni pa chumba CHANGU!

Na aliyeyasema ni shoga yangu kipenzi. Tunasuka saluni moja, tunagawana hadi kitana. Kapanda kiti, anatundika mapazia yake dirishani kwangu.

Nyuma yangu, uani, mama yangu mzazi amekaa juu ya godoro katikati ya masufuria na mabegi yetu. Anakohoa.

"Mama, nini hiki?"

"Mwenye nyumba katutoa, mwanangu..."

Jamani! Ila msianze kutukana, ngojeni kwanza mjue tulifikaje hapo.

Ile nyumba ina vyumba vitano, choo kimoja, bomba moja. Mwenye nyumba tulimpa jina la Nimekusikia. Ukimwambia choo kimeziba: "Nimekusikia." Ukimwambia mlango hauna komeo: "Nimekusikia." Mtu ana masikio mawili, mkono hana hata mmoja! Lakini siku ya kodi? Anafika jogoo hajapiga mswaki.

Sasa bati letu lilikuwa limetoboka, tena juu ya kitanda cha mama. Mvua ikinyesha, mama analala ameketi, beseni mapajani. Kifua kikamkamata. Daktari akaniambia bila kupepesa macho, "Mtoe kwenye unyevu, la sivyo utamzika."

Nikamfuata Nimekusikia.

"Mzee, mama yangu anakufa kwa bati lako."

"Tengeneza mwenyewe, binti. Tutakatana kwenye kodi."

"Kweli, mzee?"

"Unaniona mtoto mimi?"

Nikauza simu yangu ya maana (hii ninayoandikia kioo chake kina nyufa kama kisigino cha mlinzi). Nikaleta fundi wa paa, mabati mapya, dari juu. Kwa kiherehere changu nikapaka na rangi!

Mvua ikanyesha. Mama akalala chali. Nilikaa nikamwangalia anavyopumua kama mtu anayeangalia sinema.

Shoga alipokuja kumjulia hali, alishika kiuno.

"Weee! Hapa chumbani au hotelini?"

"Acha uchokozi."

"Na kodi ni ileile?"

"Ileile. Tena itakatwa!"

Nikacheka. Na yeye akacheka. Kumbe tulikuwa tunacheka vitu viwili tofauti...

Mwisho wa mwezi Nimekusikia akaja. Hakusalimia hata mgonjwa. Akainua kidevu, akaisoma dari kama anasoma gazeti.

"Chumba kimekuwa cha kisasa hiki. Kodi inapanda."

"Mzee! Si tulisema tunakatana?"

"Tulisema wapi? Mbele ya nani?"

"Mimi silipi zaidi ya ile ya zamani!"

Akanitazama, akatabasamu.

"Nimekusikia."

Nikajua nimeshinda. Nikajisifu saluni kutwa nzima! Shoga akanipongeza, akanishika na mkono.

Haya, sasa rudini na mimi mlangoni.

"Shoga, umenifanyia hivi mimi?"

"Usinipandishie sauti. Wewe umeshindwa bei, mimi nimeweza. Nimelipa mwaka mzima."

"Mama yangu anaumwa!"

"Pole yake. Ila urafiki hauezeki paa, shoga."

Akafunga mlango. Usoni kwangu!

Sikulia. Nilimpigia fundi wa paa.

"Fundi, yale mabati unaweza kuyashusha?"

"Yamevuja?"

"Hayajavuja. Ndiyo tatizo."

Alifika na ngazi na nyundo. Bati la kwanza likang'oka, la pili... Shoga akatoka mbio na kanga moja.

"Mnafanya nini nyie? Nina kochi jipya humu!"

"Funika na urafiki," nikamjibu.

Majirani walicheka mpaka wakashikana mabega. Nimekusikia akaja anahema.

"Unabomoa nyumba yangu!"

"Nabeba changu, mzee. La kwako ni lile lenye matundu. Lipo nyuma ya choo, nimekutunzia."

Na mbingu nazo zina utani wao. Mvua iliteremka jioni ileile! Shoga anapiga simu kwa mwenye nyumba, uani kote tunasikia jibu kwenye spika:

"Nimekusikia."

Nilicheka mpaka machozi. Mama hakucheka. Alijifunika kanga, akasema tu, "Twende, nasikia baridi."

Mabati nikamwachia jirani yangu Mama Pacha, kwamba kesho naja kuyachukua na mkokoteni. Nikampeleka mama kwa mjomba, tukalala stoo. Mke wa mjomba alituangalia kama panya waliokuja na mabegi.

Kesho yake nafika na mkokoteni... mabati hakuna!

Inua macho. Yapo juu, yanametameta. Mawili kwa Mama Pacha, mengine kwa jirani mwingine, fundi saa, na kwa bibi mmoja wa chumba cha pembeni. Yameshapigiliwa!

"Mama Pacha! Wewe kweli?"

"Mwanangu, wanangu walikuwa wanalowa. Si umeshahama? Tulidhani umetuachia."

Nikageuza mkokoteni. Nilitukana njia nzima.

Ila sikutukana muda mrefu. Mwisho wa mwezi Nimekusikia alipita uani, kichwa juu. Kila alipoona bati jipya, akataja kodi mpya. Mama Pacha hakuiweza. Nilimkuta stendi, amekalia ndoo, pacha mmoja kila goti.

Nilitaka kumwambia "unaona?" Nikashindwa. Nikamsuka bure, basi.

Na mimi? Nimepata chumba kingine. Juzi mvua imenyesha, nikasikia tone. Juu ya kitanda cha mama, jamani, tena! Nikadaka kipande cha nailoni, nikapanda meza.

Mama akanikamata sketi. Ule mkono ulikuwa na nguvu ambayo sijui aliitoa wapi.

"Shuka!"

"Mama, utaugua!"

"Shuka nakwambia. Pakikauka tu, tutafukuzwa."

Akakohoa. Akausogeza mto pembeni, akaliachia tone nafasi yake, akalala.

Ndugu zangu mliopanga, hebu inueni macho muangalie juu hapo mlipo. Kama panavuja, poleni sana.

Kama hapavuji... msimkaribishe mtu ndani.