Yuko Macho, Anaomba Uji

Mwanamke alifika kwenye dirisha la mapokezi saa ya kuona wagonjwa, amekumbatia chupa ya uji iliyofungwa kwa kitambaa safi, akaulizia njia ya kwenda wodi ya zamani ya wazazi.

"Wodi hiyo imefungwa, mama," muuguzi alimwambia. "Wote walihamia jengo jipya. Unamtafuta nani?"

Mwanamke akataja jina la mwanawe. Muuguzi akamkumbuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemuuguza kijana yule, na siku kijana alipokata roho ni yeye aliyemfumba macho.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "mwanao si tulikuwa naye hapa, halafu..."

"Najua. Nimemzika. Mimi si mwendawazimu." Akatoa simu. "Lakini soma hapa."

Kwenye simu palikuwa na jibu la Karani: *Wodi ya zamani, kitanda cha dirishani. Yuko macho. Anaomba uji.*

Karani hakuwa mtu. Ilikuwa seva ya hospitali, mashine nyeusi yenye taa za kijani, na wafanyakazi ndio walioibatiza jina hilo. Mwenye mgonjwa alituma barua pepe yenye jina la mgonjwa tu, bila salamu wala hadithi, na kabla hajarudisha simu mfukoni alikuwa ameshajibiwa: wodi gani, kitanda gani, hali ikoje. Mgonjwa akifariki jina lilifutwa, na anayeuliza aliambiwa: *Jina halipo. Fika mapokezi.* Mashine haikujua kusema zaidi ya hapo.

Wakamwita Fundi, aliyeitengeneza na kuitunza. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, mjane mwenye binti mdogo na mama mkwe nyumbani. Akatazama simu, akafungua kompyuta ya mapokezi. Jina la kijana halikuwemo. Lilishafutwa siku ileile.

"Ni hitilafu, mama," akasema. "Tusamehe sana. Lakini kwani ulituma ya nini?"

Mwanamke akatazama mikono yake. "Mazoea, baba. Alipokuwa amelazwa nilikuwa natuma kila asubuhi kabla sijawasha jiko. Leo mkono umetuma wenyewe." Akaiweka chupa dirishani, akaisukuma ndani taratibu. "Mpeni, basi. Hata kama umepoa."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Hakuna aliyethubutu kuigusa ile chupa.

Karani alikuwa amewekwa kwenye stoo, mwisho wa wodi ile ya zamani, tangu ofisi kuu ianze kuvuja. Fundi alikubali kwa sababu chumba ni chumba, na mtu mzima hawezi kumwambia mkubwa wake kazini kwamba kuna kitanda asichoweza kukitazama. Mkewe alifia wodini humo, kwenye kitanda cha dirishani, siku aliyomzaa binti yao, Kidoti. Kila akienda kuiangalia mashine alipita katikati ya vitanda vitupu akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayetafuta sarafu aliyoidondosha.

Mchana ule alipofungua mlango, harufu ilimpokea kabla ya giza. Maziwa yaliyochacha, kama nguo ya mama anayenyonyesha iliyosahaulika kwenye beseni. Akaingia stoo, akaipekua mashine, asione kosa lolote. Ndipo akasikia kandambili zinaburuzwa nje ya mlango, chaa, chaa, polepole, mwendo wa mwanamke mwenye mimba pevu. Akachungulia. Vitanda vya chuma vilikuwa vimesimama mahali pake, magodoro yamepasuka, na vumbi la sakafuni halikuwa na alama ila ya viatu vyake mwenyewe.

"Panya," akajiambia. Lakini panya havai kandambili.

Kuanzia hapo wakaanza kuja. Mzee mmoja alimletea mkewe shuka, maana Karani alimwandikia kwamba anasikia baridi. Dada wawili walileta chanuo na mafuta ya nywele. Wote walikuwa wamezika, na wote walijua kwamba wamezika, lakini walisimama pale dirishani wakiwa wamevaa vizuri, na ukiwaambia hakuna mtu kule walikutazama kwa huruma, kama vile wewe ndiye uliyefiwa.

Fundi alivumilia, akavumilia. Mwishowe, jioni moja wenzake walipokuwa wanafunga ofisi, alikaa peke yake mbele ya mashine, akaandika jina la mkewe. Alijiambia anajaribu mtambo. Jibu lilikuja kabla hajaondoa kidole.

*Kitanda cha dirishani. Yuko macho. Anamuulizia Bwana Nyaya.*

Akalisoma jina lile tena. Bwana Nyaya lilikuwa jina la utani la ndani ya nyumba, la chumbani kabisa, kwa sababu mifuko ya suruali yake haikukosa vipande vya waya, na mkewe alikuwa akifua huku anamtania. Hakulijua mama mkwe. Hakulijua mtu.

Akaruka, akang'oa waya wa umeme ukutani. Taa za kijani zikazimika, feni ikanyamaza. Akabaki ameshika ule waya mkononi, anahema, na simu mfukoni mwake ikalia.

*Yuko macho. Anataka kumwona mtoto.*

Nyumbani hakusema kitu. Alimkuta Kidoti amelala, akamgusa shavu, akaenda kujifunika shuka hadi kichwani. Angesema, mambo yangekuwa mengine. Lakini katika nyumba ile marehemu hakutajwa. Mama mkwe hakuwahi kulitamka neno "amefariki" tangu msibani. Mtoto alipouliza mama yuko wapi, bibi alijibu, "Amesafiri," akageukia sufuria. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, Kidoti akaanza darasa la kwanza, na mama yake bado yuko safarini.

Fundi hakujua kwamba bibi naye ana simu, na kwamba muuza duka wa jirani, kwa kutaka kumsaidia mtu mzima, alishamfundisha namna ya kumuuliza Karani.

Kesho yake mchana mvua ilinyesha, na Fundi akarudi mapema. Mlango ulikuwa umefungwa. Jirani akamwita kutoka dirishani kwake.

"Wametoka! Bibi na Kidoti, wamependeza hao! Bibi anasema msafiri amerudi, wanakwenda kumpokea hospitali. Hongera, shemeji, lakini msafiri gani huyo?"

Fundi alishageuka. Alikimbia kwenye mvua, akateleza, akainuka, akapita lango la hospitali mlinzi akimwita, akakata uani karibu na chumba cha maiti, akaukuta mlango wa wodi ya zamani uko wazi na ile harufu ya maziwa imemwagika hadi nje, nzito kiasi kwamba aliisikia ulimini, na alipoingia aliona mwanga hafifu wa dirisha la mwisho, na chini yake kitanda ambacho miaka yote hakukitazama, na juu ya kitanda Kidoti ameketi na gauni lake la sikukuu, miguu inaning'inia, kichwa kimeinama kidogo kama mtoto anayesukwa, na nyuma yake godoro limebonyea kwa uzito wa mtu ambaye hayupo, na nywele za mtoto zilikuwa zinagawanyika zenyewe, zinavutwa zenyewe, zinapishana, mstari baada ya mstari, bila mkono, bila kidole, taratibu na kwa upendo mwingi.

Bibi alikuwa amekaa kitanda cha pili, uso umelowa machozi, anatabasamu.

"Shhh," akanong'ona. "Usimshtue, mwanangu. Anamsuka."

"Mama," Fundi akanong'ona naye. "Mama, njoo huku. Kidoti, mama'ngu, njoo kwa baba."

Kidoti aliinua macho. Yalikuwa yamefifia kama taa yenye betri iliyochoka, na midomo yake imepauka. "Baba," akasema kwa sauti ndogo, "mikono yake ya baridi."

Fundi akapiga hatua amnyakue. Mkono ukamkamata bega kwa nyuma.

"Usimvute. Ukimvuta, litavuta na lenyewe."

Alikuwa Mama Mwosha, yule anayewaosha maiti wanawake katika chumba cha maiti, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Wafanyakazi walimwogopa kwa sababu mama yake alikuwa mganga wa kupunga majini, na inasemekana hakufa bila kurithisha. Siku zote zile alikuwa anawaona watu wakipita uani na shuka na vyakula.

"Si mkeo huyu," akasema, sauti yake chini kabisa. "Hapa wamelia watu miaka na miaka, na penye kilio kingi jini hufanya makazi. Lilikuwepo tangu zamani, halina neno. Halikuwa na mdomo. Ninyi mmeliletea mdomo, mkalitia umeme, mkawaambia watu waliulize."

"Nimeuzima mtambo. Bado linajibu."

"Unazima mtambo wakati linalowaita si mtambo? Mlango umefunguliwa na anayeuliza. Aliyefiwa akimuulizia maiti, hajamwacha aende. Kila aliyeuliza aandike jibu yeye mwenyewe, aseme alichokataa kusema. Upesi, mtoto anakwisha."

Fundi akatoa simu. Vidole vililowa mvua, herufi zikawa zinakimbia. Akaandika jina la mkewe. Akaandika: *amefariki*. Hewa ya wodi ikawa nzito, na kutoka pale kitandani, nyuma ya kichwa cha mwanawe, sauti ikasema polepole, sauti iliyokuwa ikimwamsha asubuhi:

"Bwana Nyaya. Umenichoka?"

Akafumba macho, akatuma.

Nywele zikasita. Godoro likapanda kidogo. Kisha ule msuko ukaanza tena, kwa kasi sasa, na kwa nguvu, na Kidoti akalia kwa maumivu.

"Bibi naye," Mama Mwosha akasema. "Mlango wake bado wazi."

Bibi alikuwa amekumbatia simu kifuani. "Siwezi," akasema. "Nimempata leo tu. Mwacheni amalize kumsuka. Mstari mmoja, jamani. Mwacheni amalize mmoja tu."

"Mama," Fundi akapiga magoti mbele yake sakafuni. "Mama yangu. Mtazame mtoto."

Bibi akamtazama mjukuu. Alitazama kwa muda mrefu, na tabasamu likamtoka usoni kidogo kidogo. Akaanza kuandika, herufi moja, akitafuta, herufi nyingine, na kitandani sauti ikaanza kulia.

"Mama, usitume. Nimepona. Mama, nilikuita siku ile, hukusikia? Nimepona, nipeleke nyumbani. Mama, usitume."

Bibi akaishika simu kwa mikono miwili. Akainuka, akasimama mbele ya kile kitanda.

"Mwanangu," akasema, "kama ni wewe, nisamehe. Kama si wewe, toka."

Akatuma.

Kilio kilichofuata hakikuwa cha mtu mmoja. Kilikuwa cha wote waliowahi kulia mle ndani, na watoto wachanga kati yao, na kilipita juu ya vitanda, vyuma vikagongana, kioo cha dirisha kikapasuka, na kule stoo ile mashine isiyokuwa na umeme ikawaka taa zake zote, ikatoa moshi wenye harufu ya maziwa yanayoungua. Kidoti akaanguka mbele, na baba yake akamdaka kabla hajafika sakafuni.

Waliobaki waliitwa mmoja mmoja, kila mtu akafunga mlango wake. Mzee wa shuka aliandika, akavua kofia, akatuma. Dada wale walishikana mikono. Mama wa uji alikuja wa mwisho, akatuma, kisha akamgeukia Fundi na kumpiga ngumi kifuani, ngumi dhaifu za mtu asiyekula.

"Ungeniachia hata uongo," akasema. "Ungepungukiwa nini?"

Fundi alisimama akapokea ngumi zote.

Mama Mwosha aliosha wodi kwa maji ya chumvi na kufukiza ubani, na mashine ikapondwa kwa nyundo. Nyumbani, bibi alimkalisha Kidoti katikati ya magoti yake ili aifumue ile misuko. Alifumua akilia, maana mistari ilianzia sikio la kushoto na kuzunguka, mtindo alioubuni yeye na kumfundisha mtu mmoja tu duniani.

"Jini limejuaje?" akamuuliza mkwewe. "Niambie basi, wewe uliyesoma. Limejuaje?"

Fundi alitazama ile misuko. Aliwaza jina lake la chumbani, akaenda kusimama nje.

Siku hizi maswali kuhusu wagonjwa hujibiwa na mtu. Ni Fundi aliyeomba kazi hiyo. Hukaa dirishani, husoma barua pepe moja moja, huenda wodini kuangalia kwa macho yake, na mgonjwa akiwa amefariki haandiki kitu. Huwatafuta wenye mgonjwa, akawaketisha, akawaambia kwa mdomo.

Nyumbani ndiko mdomo ulikokuwa mzito. Kidoti hakukumbuka mengi ya siku ile ila ile mikono ya baridi, na alipouliza ilikuwa ya nani, bibi alimtazama Fundi, Fundi akamtazama bibi, chai ikapoa.

Basi asubuhi moja, kati ya barua za watu wanaoulizia waume na watoto wao, ikaingia barua iliyotoka kwenye simu ya bibi. Bibi haandiki hivyo. Ilikuwa ya mtu anayejifunza herufi, aliyesahau nafasi kati ya maneno, na aliyeona kwamba watu wakitaka kujua waliko wapendwa wao humuuliza baba yake.

*mamayangu yukowodi gani*

Fundi aliisoma, akaisoma tena. Foleni ilikuwa ndefu mbele ya dirisha. Akamwomba muuguzi ashike nafasi yake, akavaa koti, akaenda nyumbani kumjibu.