Kinu Kitupu cha Kajetani

Pigo la nne halikuwa la Kajetani. Yeye alipiga matatu tu, kama jambazi wa kwenye video alivyomshindilia mwenzake ngumi tatu, kisha akauinua mchi na kuushikilia hewani. Kinu kikalia tena. Du!

Upande wa pili wa pazia watazamaji walishangilia. Kajetani akamtazama mkewe, Severina, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda kando yake na tumbo lake la miezi saba. Severina aliendelea kuimba, lakini macho yalikuwa yamemtoka.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu. Biashara zilikuwa zimeachiwa huru, vitu vya nje vimemwagika hadi Songea, na Kajetani alikuwa amegeuza sebule yake ya Matogoro kuwa chumba cha video. Kisha spika ya televisheni ikafa. Picha zipo, sauti hakuna. Watu wakaguna kwamba hawakuja kuangalia mabubu wakiuana. Ndipo akili ya Kajetani ikachemka: akaleta kinu cha jikoni nyuma ya pazia ili atwange kila ngumi itakayopigwa. Kwenye mauaji alijaribu kwanza ngoma za vita, watu wakacheka. Akamwambia Severina aimbe wimbo wa kubembeleza mtoto, taratibu. Damu ilipomwagika huku sauti ya mama ikibembeleza, chumba kizima kilinyamaza, na wanaume wenye ndevu zao wakajikunyata. Ukiweka jambo tamu juu ya jambo baya, ubaya unaingia hadi kwenye mifupa. Hilo Kajetani alilijua bila kufundishwa.

Asichojali ni kwamba kinu kilikuwa kitupu. Kila mtoto wa pale hukanywa: kinu kitupu hakitwangwi, maana anayekitwanga anaita, na anayeitwa atataka cha kutwanga. "Hayo ya mabibi," alisema. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Kajetani lilikuwa limezibwa na sifa.

Tangu siku ya pigo lile la nne kinu kikaanza kulia chenyewe mchana kweupe. Severina akiimba hata mstari mmoja akifua nguo, kinajibu. Nyumba ikanuka unga mbichi na damu, ingawa hakuna aliyesaga wala kuchinja. Siku ya tatu Severina alimfuata mumewe uani, mikono yote tumboni.

"Mume wangu, hachezi," alinong'ona. "Tangu jana hachezi."

"Labda amelala."

"Wale wawili nao ulisema wamelala."

Wale wawili waliwazika kabla hawajapewa majina. Nesi wa kliniki alisikia moyo wa mtoto kwa mbali mno, akasema hajui kinachouzima. Mfa maji haachi kutapatapa: Wakatoliki hao wakamwita Mzee Salum, mganga kutoka Namtumbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Salum alikinusa kinu, akarudi nyuma hatua mbili. "Hawa si mahoka wenu, wazee waliotangulia. Huyu ni jini. Mmemwita kwa kinu kitupu, mkamwimbia wimbo wa mtoto. Anadhani mtoto ndiye chakula chake."

"Tufanye nini, baba?" Severina aliuliza.

"Apewe chenye damu, atwange aondoke. Na wewe uimbe wimbo wote mpaka mwisho. Chochote utakachoona, usikatize. Ukikatiza, mtoto ni wake."

Wakafunga jogoo miguu, wakamlaza kinuni. Severina akaanza kuimba. Mchi uliokuwa umeegemea ukuta ukasimama bila mkono wa mtu, ukapaa taratibu, na jogoo akafa kwa woga kabla haujamgusa, damu imeganda, macho yamegeuka meupe, na ule mchi ukasita juu ya mzoga kama mtu aliyepewa ugali wa jana, ukainama upande, ukaanza kusogea kuelekea kigoda cha Severina, kuelekea tumbo lake, naye akiimba huku meno yakigongana, na Salum akisoma dua ambayo hakuna aliyeisikia tena kwa sababu kinu chenyewe kilikuwa kimeanza kuhema.

Kajetani akamtupa jogoo nje. Akauingiza mkono wake wa kulia kinuni mpaka kwenye kiwiko.

"Huku!" alifoka. "Mimi ndiye niliyekuita!"

Mchi ukageuka.

"Imba, mke wangu! Usiniangalie, imba!"

Akaimba, laini na taratibu kama alivyoimba nyuma ya pazia, ndege alale, mwezi ulale, mwanangu alale, huku mifupa ya mumewe ikivunjika mmoja baada ya mwingine na yeye akiyasikia yote, mlio na kilio, wala hakuruka neno, machozi yakimwingia mdomoni, mpaka ubeti wa mwisho ukaisha na mchi ukaanguka sakafuni, mti mtupu kama miti mingine.

Harufu ilikuwa imeondoka. Salum alikuwa anachana shuka amfunge Kajetani, aliyelala kando ya kinu, uso umekuwa majivu.

"Anacheza," Severina alisema.

"Usinidanganye."

Severina akajikokota chini hadi alipokuwa mumewe. Akauchukua mkono wake wa kushoto, uliobaki mzima, akauweka pale mtoto alipokuwa anapiga teke.