Neno la Siri la Idara ya Kilimo

Nilipokuwa darasa la sita, kila siku nikitoka shule nilipitia kazini kwa shangazi Kuluthumu. Alikuwa katibu muhtasi wa Idara ya Kilimo katika tawi la chuo kikuu, Singida mjini. Nilimsalimia, nikala chakula alichoniwekea, kisha nikafanya hesabu zangu mpaka saa kumi. Ndipo tuliporudi nyumbani Utemini.

Mwaka ule idara ilipata intaneti isiyotumia waya. Watu waliifurahia kama mvua ya kwanza! Fundi Sixbert alibandika kanuni mlangoni: kila mtumiaji aandikishwe kwanza, neno la siri asipewe mtu wa nje, filamu na nyimbo zisipakuliwe saa za kazi. Shangazi aliniandikisha nami, akanipa neno la siri nitumie kompyuta ya zamani iliyokuwa pembeni.

Siku moja Mzee Zefania, mwenye duka la madaftari mbele ya geti, aliniita.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, Rahma. Hebu nipe hilo neno la siri la hapo kwenu. Nataka kumtumia mwanangu picha, yuko masomoni India."

Nilisita. Nyumbani tulifundishwa kwamba mtoto hamkatalii mzee. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi.

Haikupita wiki, vijana wakajaa kando ya ukuta wa idara, vichwa vimeinama kwenye simu. Niliwaona, nikanyamaza.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya Damari, mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Mgori. Saa tisa alasiri, katika chumba kimoja cha idara, angehojiwa kwa video na chuo cha nje ya nchi. Akifaulu, angelipiwa masomo ya ufugaji wa nyuki. Alivaa gauni jipya.

Mahojiano yalianza vizuri. Ghafla picha ikaganda.

"Jamani, imekata!" Damari alipiga kelele. "Wamesema nikipotea dakika kumi wanamwita mwingine!"

Sixbert akatoka mbio na ngazi. "Ni antena! Upepo wa jana umeipindisha."

Alikuwa amefika katikati ya ngazi. Nilitazama dirishani, nikawaona vijana wakicheka na simu zao. Nikajiambia nisiposema sasa, Damari atakosa.

"Kaka Sixbert, shuka! Si antena. Ni mimi. Nilimpa Mzee Zefania neno la siri, naye amewapa wengine; wameujaza mtandao!"

"Kumbe! Nami nataka kuvunjika shingo bure!" Aliruka chini, akakimbilia kompyuta yake, akabadilisha neno la siri, kisha akaingiza jipya kwenye kompyuta ya Damari.

Nje kelele zikalipuka. "Aaa! Nani kazima?" "Filamu yangu ilikuwa imebaki kidogo tu!"

Ndani, picha ikarudi. Tukamsikia Damari akieleza habari za mizinga ya nyuki, sauti imetulia. Shangazi alinishika mkono tukisubiri koridoni.

Mlango ukafunguliwa. "Wameniambia nianze kutafuta pasipoti!" Damari akamrukia Sixbert, aliyekuwa akirudisha ngazi ndani, nayo ikaanguka kwa kishindo.

Tulipomaliza kushangilia, shangazi akanigeukia. "Umekosa, Rahma, lakini umesema wakati kosa bado linarekebishika. Sasa nenda kwa Mzee Zefania, ukamwambie mwenyewe."

Nilivuka barabara. "Shikamoo babu. Neno la siri limebadilishwa. Jipya siwezi kukupa, samahani. Dada mmoja karibu akose masomo kwa sababu yangu."

Mzee alivua miwani, akaiweka mezani.

"Marahaba. Usihuzunike, mjukuu wangu. Kumheshimu mkubwa si kumpa kitu cha watu wengine. Ukiombwa usichoruhusiwa kutoa, sema hapana kwa adabu, kama ulivyosema sasa. Na mimi nilikosea zaidi: nilimwomba mtoto ruhusa ambayo ni ya wakubwa, kisha nikawagawia vijana."

Akafunga duka lake, tukavuka pamoja kwenda kumwona shangazi.