Tiketi ya Watu Watatu

Jumanne, saa kumi alasiri.

Chumba cha nyuma cha duka la vipuri kilinuka grisi. Mwalimu alisukuma boliti pembeni kwa kiganja, akaweka mezani daftari la shule lenye jalada la bluu.

"Ramani ndiyo hii," alisema.

Fundi alilitambua daftari kabla halijafunguliwa. Lilikuwa la mkewe. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke yule aliandika humo safari ya siku moja katika mji mkuu wa zamani. Saa tatu, lango la kale. Saa nne na nusu, kasri la wafalme. Mwisho kabisa, mnara wa saa. Aliandika hadi mahali pa kununulia maji na benchi la kupumzikia. Hakuwahi kwenda. Kila mwaka palitokea jambo. Mwaka huu jambo lilikuwa ugonjwa wa damu, na daktari alishawaambia wasipange mambo ya mwakani.

"Nani kakupa?" Fundi aliuliza.

Breki, dereva wao, aliinamisha macho. Alikuwa mdogo wake yule mwanamke, tumbo moja.

"Tulia, Fundi." Mwalimu aliwahi kufundisha jiografia kabla hajageukia mali za watu, na bado aliongea kama ameshika chaki. "Nani atamshuku mama mgonjwa anayetalii na mumewe? Saa sita kamili walinzi wa kasri wanabadilishana zamu. Wanaingia ofisini kusaini kitabu. Dakika nane. Chumba cha taji hakina mtu, kamera yake imekufa tangu mwaka jana. Wewe unafungua kabati, mimi nabeba. Tunapita ushoroba wa wafanyakazi, Breki yuko nje."

"Na mke wangu?"

"Shemeji anauona mji wake. Bure. Unataka nini tena?"

Fundi alikubali. Usimhurumie mapema, alijua anachokifanya. Lakini alijua pia kwamba hela ya kumpeleka mkewe hakuwa nayo, na muda haukuwepo.

Alikuwa na ugonjwa mmoja wa kazi. Kila alichofungua, alikifunga. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka: mwizi gani anayewafungia watu milango yao? Ugonjwa huo aliupatia nyumbani. Mkewe hakuwahi kupata usingizi bila kuuliza, "Umefunga?" Naye huzungusha ufunguo mara mbili, akausukuma mlango kwa bega, ndipo akajibu, "Nimefunga."

Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Chini ya lango la kale mkewe aliligusa jiwe kwa viganja vyote viwili. Alikuwa amekonda, viatu vilimpwaya. Alitoa kalamu, akaweka alama kwenye daftari.

"Moja," alisema, akacheka kama msichana. Fundi aligeuka upande, akajifanya anapenga kamasi.

Saa nne na nusu.

Kwenye dirisha la kasri Mwalimu, aliyekuja nao kama rafiki, alilipa, na karani akatoa tiketi moja ya watu watatu.

"Baba, ona," mkewe alimwonyesha. "Wameandika jina langu!"

Jina lake, na namba ya kitambulisho chake. Hapakuwa na jina jingine. Fundi alimwacha mkewe akiisoma tiketi. Alimsubiri Mwalimu nyuma ya nguzo.

"Kwa nini jina lake?"

"Lazima kuwe na jina."

"Polisi wataanza na yeye."

"Ni mgonjwa. Watamwonea huruma."

"Tuondoke naye basi."

"Gari halimsubiri mtu anayetembea kama kinyonga."

"Breki anajua?"

"Kitambulisho kaniletea nani?" Mwalimu aliupapasa mkoba wa kamera. Humo hamkuwa na kamera, mlikuwa na bastola. "Shemeji yule pale anatuangalia, mtabasamulie. Halafu nenda kazini."

Mkewe alikuwa hatua kumi tu kutoka kwenye bastola ile. Fundi alitabasamu.

Saa tano na dakika arobaini.

Alisema anakwenda msalani. Ushoroba wa wafanyakazi ulikuwa na milango miwili ya mbao nzito, wa ndani na wa nje. Yote miwili aliifungua kwa funguo malaya zake, zile za kufungulia kitasa chochote. Ule wa nje aliujaribu, ukakubali vizuri. Akarudi.

Saa sita kamili.

Walinzi waliondoka. Kitasa cha kabati la kioo kilikuwa kizee kuliko Fundi, kikalegea ndani ya dakika mbili. Mwalimu alilitumbukiza taji mkobani, akakimbilia ushorobani. Fundi alibaki nyuma akilifunga kabati.

"Acha huo ujinga!" Mwalimu alifoka kwa kunong'ona. Kisha, kutoka mwisho wa ushoroba, sauti ikabadilika. "Fundi. Mlango wa nje umefungwa."

Fundi alikumbuka. Aliujaribu, ukakubali, mkono ukaufunga tena. Wala hakuutuma.

"Njoo ufungue, mjinga wewe!"

Funguo zilikuwa mkononi mwake. Uani alimsikia mkewe akimwuliza mtembeza wageni kama ngazi za mnara ni nyingi.

Fundi aliuvuta mlango wa ndani. Akazungusha ufunguo mara mbili. Akausukuma kwa bega. Safari hii mkono aliutuma mwenyewe.

Mwalimu hakupiga kelele. Hakupiga risasi pia. Alijua kelele ingewaita nani.

Saa sita na nusu.

Ngazi zilikuwa mia moja na nane. Za mwisho Fundi alimbeba mkewe mgongoni. Juu, mji wote ulikuwa chini yao, mapaa na kuta na bustani, na mkewe aliuangalia huku machozi yakimtiririka.

Kabati lililofungwa liliwachelewesha walinzi kugundua, lakini mwishowe kengele ya kasri ikalia. Walinzi wakakimbia uani. Nje ya ukuta gari jeupe liliondoka kwa kasi.

"Lile si gari la mdogo wangu?"

Fundi alimwambia yote, hata la tiketi. Mkewe alisikiliza akiwa ameshika daftari kifuani.

"Miaka kumi na tisa nimeandika," alisema mwishowe. "Na nyinyi mkaja kuibia humu."

"Nisamehe."

"Ningekufa bila kuuona, isingeniuma hivi." Alitafuta kalamu, akaweka alama ya mwisho. "Tushuke. Sitaki wakukamatie huku juu. Huku ni kwangu."

Saa saba na dakika tano.

Chini, Fundi alimfuata askari mwenyewe. Alisema mwenzake yuko ushorobani na bastola, na kwamba mama huyu hajui kitu. Walimtoa Mwalimu mikono juu. Wakampekua Fundi, wakazitia funguo zake zote kwenye mfuko wa nailoni.

"Afande," Fundi alisema, "ule mdogo wa shaba ni wa nyumbani. Mpe mama."

"Zote ni ushahidi."

"Hana mwingine. Atalala wapi?"

Askari alimwingiza Fundi garini, akaubamiza mlango. Mkewe alisogea dirishani. Hakulia tena. Aliuliza kwa sauti ile ile ya kila usiku.

"Ule wa ushoroba, uliufunga?"

"Niliufunga."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Gari likaondoka, akabaki amesimama uani na daftari lake na tiketi ya watu watatu.