Nani Alitupa Majani ya Nosrat?

Maiti ilikutwa asubuhi ya siku ya kumi na nne ya Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, imelala kifudifudi katika maji ya mto Sangab, kamera bado ikining'inia shingoni.

Aliyeiona ni mfagiaji wa manispaa, aliyekwenda bondeni kuokota takataka. Jana yake nusu ya mji wa Hamadan ilikuwa hapo, maana siku ya kumi na tatu hakuna abakiye nyumbani. Ukibaki ndani umeikaribisha nuksi na kuitandikia busati. Watu walikula, walicheza, walipiga picha hadi simu zikaishiwa chaji, wakatupa majani yao mtoni, wakaenda zao. Mmoja hakwenda.

Inspekta Kiumars Delavari alichuchumaa kando ya maji. Marehemu alikuwa mtu wa makamo, amevaa sweta la kijani lenye mstari mweupe mgongoni. Juu yake kulikuwa na mwamba mrefu kama nyumba ya ghorofa, na kona ya mto iliificha sehemu ile isionekane na watu.

"Namjua, afande," alisema Sajenti Yavar. "Mwalimu Nosrat Pirayeh. Alinifundisha jiografia. Kila Ijumaa yuko milimani na kamera. Akikosa nauli ya mbali, hata ua likichanua nyuma ya kituo chetu atakuja kulipiga."

"Basi mwamba huu aliujua."

"Nje ndani. Lakini siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Alirudi nyuma apate picha nzuri, akakosa pa kukanyaga."

"Labda," alisema inspekta. Aliposema "labda" namna hiyo, Yavar alijua kwamba chakula cha mchana kimekwenda na maji.

Gari la marehemu lilikuwa chini, penye uwazi ambapo familia hutandika mikeka. Lilikuwa limefungwa, halina mkwaruzo. Boneti ilikuwa imejaa vumbi, ila katikati palikuwa na duara safi, ukubwa wa sinia. Hapo ndipo watu huweka majani yao ya ngano, yale yaliyooteshwa nyumbani kwa ajili ya mwaka mpya, wakayaendesha hadi mtoni kuyatupa pamoja na mabaya yote ya nyumba.

"Yake keshatupa," alisema Yavar.

Inspekta alilipiga picha lile duara.

*

Nyumbani kwa marehemu wanawake walikuwa wamejaa hadi uani. Mjane, Bibi Mahlagha, hakulia. Alikuwa amekaa karibu na birika la chai, anavuta uzi uliochomoza kwenye shali yake.

"Niambie kitu kimoja tu, inspekta," alisema kabla hajaulizwa. "Alijirusha?"

"Kwa nini unauliza hivyo, mama?"

"Mwezi mzima hakulala. Aliandaliwa maonyesho ya picha zake zote za matembezi, akawa anajifungia katika chumba chake cha giza, anasafisha filamu za zamani. Akitoka huko, uso si wake. Nikimuuliza, ananiambia, 'Mahlagha, kuna kitu ningekitazama mapema.' Jana akaniomba twende wote. Nikamwambia nenda peke yako na kamera yako, ndiyo mkeo." Akauvuta uzi tena. "Nilimwambia hivyo. Na majani niliyafunga utepe mwekundu, nikamwekea kwenye gari bila hata kumtazama. Kama alijirusha, inspekta, nimemsukuma mimi."

Delavari hakupenda kumdanganya.

Mtu mmoja mrefu, mvi kichwa kizima, shati jeusi, aliinama akampa mjane kikombe na donge la sukari. Ndiye aliyekuwa akipokea wageni, akipanga viatu mlangoni, akimwita kila mtu kwa jina.

"Wewe ni nani wao?" inspekta alimuuliza uani.

"Davud Kamrava. Rafiki. Ukitaka sema ndugu, hutakosea. Tumezunguka naye milima hii yote tukiwa vijana."

"Jana ulikuwa naye?"

"Mimi Sangab sikanyagi. Mwanangu Barzin alizama pale, siku hiyo hiyo ya kumi na tatu. Ni mwaka wa kumi na moja sasa."

"Pole sana, bwana. Jana ulikuwa wapi?"

"Ndani, kwangu."

"Siku ya kumi na tatu? Mtu gani hukaa ndani siku hiyo?"

Davud alimtazama kwa macho mekundu.

"Mtu ambaye nuksi ilishamfikia, inspekta."

*

Mochari, Daktari Forugh alivua glavu akaziangusha kwenye ndoo.

"Kifo ni cha kuanguka. Fuvu limepasuka, maji yamemalizia. Kifuani kuna michubuko miwili. Ukiniuliza kama ni mikono ya mtu, nitasema inafanana. Mahakamani siapi."

"Saa ngapi?"

"Karibu na adhuhuri, si zaidi. Tumboni mna chai na mkate wa asubuhi, basi."

"Hakuna supu ya tambi ya siku ile? Hata jani la saladi na sharubati ya siki?"

"Hakuna kitu. Mtu wa Hamadan, siku ya kumi na tatu, bila chakula cha mchana? Huyo hakufika mchana."

Inspekta alirudi kituoni akatoa amri iliyomfanya Yavar ashike kichwa: kila aliyekuwa Sangab jana alete simu yake.

Wakaja. Walijaa hadi barabarani, na kila mmoja alitaka polisi waone picha zake zote, kuanzia mjomba aliyelala mdomo wazi. Yavar alitazama mpaka macho yakatoa machozi.

"Afande, vitambi vya mji huu nimevimaliza vyote. Sasa nikikutana na mtu sokoni namjua kwa mgongo."

"Endelea."

Akaendelea. Kisha akanyamaza, na inspekta akainua kichwa, kwa sababu Yavar hakuwa mtu wa kunyamaza.

Ilikuwa picha ya watoto wanaruka kamba. Nyuma yao lilionekana gari la Nosrat, na juu ya boneti sinia la majani mabichi yenye utepe mwekundu. Simu ilionyesha kuwa picha ilipigwa alasiri.

"Maiti imo majini tangu adhuhuri," alisema inspekta polepole. "Alasiri majani yake bado yapo. Sisi asubuhi hatukuyakuta."

"Watoto wameyachezea."

"Yavar. Mama yako angekuachia uguse majani ya nyumba ya watu?"

"Angenikata mkono! Ukigusa ya mwenzio umejitwika mabaya yake ya mwaka mzima. Hata kichaa hagusi."

"Basi nani kajitwika ya Pirayeh?"

 Yavar alikuwa amefungua picha iliyofuata katika simu ile ile. Watoto walikuwa wamehama, jua limeshuka kidogo. Nyuma yao mtu alikuwa anaelekea mtoni, ameipa kamera mgongo, mikono mbele kama anayebeba kitu kwa uangalifu. Pembeni mwa kiwiko chake ulipepea utepe mwekundu. Alivaa sweta la kijani. Mgongoni mstari mweupe.

"Lahaula!" Yavar aliisukuma simu mezani. "Afande, huyu ni marehemu."

Inspekta Delavari hakuwa mtu wa mashetani. Katika kazi yake alikuwa ameona maiti wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuinuka. Lakini alipoutazama ule mgongo nywele za mikono zilimsimama, akaogopa, na hakuona haya kuogopa. Aliagiza chai, akainywa yote, ndipo akaitazama picha mara ya pili.

"Sweta lake tumelikuta mwilini," alisema. "Limeloa maji. Hili ni kavu."

*

Bibi Mahlagha aliishika simu kwa mikono miwili.

"Nosrat," alisema. "Huyu Nosrat wangu. Mnaona? Alikuwa hai! Alikwenda kutupa majani yetu. Mtu anayetaka kujiua atatupa majani kwanza?" Alicheka na kulia kwa pamoja, na wanawake waliokuwa karibu wakaanza kumshukuru Mungu.

Inspekta alingoja wanyamaze. Kazi nyingine ni laana.

"Mama, sweta hili ulilifuma mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu."

"Ulifuma mangapi?"

Alifungua mdomo kujibu. Halafu macho yake yakavuka bega la inspekta, yakaenda hadi mlangoni, ambapo Davud Kamrava alikuwa anapanga viatu vya wageni. Simu ilimponyoka ikaanguka mapajani.

"Mawili," alisema kwa sauti ndogo. "Mwana wa Davud alipokufa, baba mtu alikuwa anatetemeka, hata kiangazi. Nikamfumia yeye na Nosrat, uzi mmoja, ili asijione peke yake."

Davud alisikia. Aliweka chini kiatu alichokuwa nacho, akakilinganisha na mwenzake, akasimama.

"Si hapa, inspekta," alisema. "Nakuomba. Si mbele yake."

*

Kituoni hakutaka wakili, hakutaka chai. Yavar aliandika maelezo.

"Ulisema Sangab hukanyagi."

"Nilidanganya."

"Nani alikupeleka?"

"Yeye. Alikuja asubuhi akaniambia, Davud, leo twende, nina kitu cha kukuonyesha, na sitaki kukuonyesha ndani ya nyumba. Nikavaa sweta, nikaenda. Sijui kwa nini nilikubali. Labda nilichoka kuiogopa ile sehemu."

"Mkapanda mwambani."

"Pale pale alipokuwa yeye siku ile ya Barzin. Akatoa bahasha kifuani, akanipa picha."

Davud aliingiza mkono katika shati lake jeusi, akaiweka mezani. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, imetoka kwenye filamu ya zamani. Mto, jua juu ya maji, na katikati mtoto ameinua mikono yote miwili. Ilikuwa picha nzuri, na uzuri wake ndio uliomfanya inspekta atake kuifunika.

"Barzin," alisema Davud. "Tuliambiwa hakuna aliyemwona akiingia majini. Nosrat alimwona. Alikuwa juu ya mwamba na kamera. Alidhani anacheza, anampungia. Akampiga picha. Akavuta filamu, akapiga tena. Akavuta, akapiga tena. Mtoto anazama, yeye anatafuta mwanga!"

"Alikuambia mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake, analia. Alisema siku ile hakuelewa. Aliposikia kelele akaacha kamera, akashuka mbio akaruka, na kweli aliruka, ndiye aliyemtoa, mimi nilikuwepo. Filamu ile hakuthubutu kuisafisha. Mwaka huu kwa ajili ya maonyesho akaisafisha, akaona. Mwezi mzima ameibeba. Akasema, ningeichoma usingejua, lakini ningekulaje tena mkate wako? Nisamehe."

"Wewe ukamsukuma."

"Hapana." Davud alipiga meza. "Sikiliza! Nilitaka kumsamehe. Wallahi nilitaka. Nilikuwa nimeishika hii picha, namtazama mwanangu, kwa mara ya kwanza namwona siku yake ya mwisho. Nilikuwa natafuta tu neno la kumwambia. Ndipo nikasikia kile kimlio. Kacha."

Yavar aliacha kuandika.

"Nikainua macho. Nosrat ameweka kamera usoni. Ananipiga picha. Mimi! Nikilia! Hakukusudia ubaya, namjua, mikono yake ikikosa la kufanya hufanya hilo. Hata kwenye mazishi ya mama yake alipiga. Lakini nilisikia kile kimlio, nikajua ndicho alichosikia mwanangu. Nikamsukuma kwa mikono miwili."

 Nje, muuza bitiruti za kuchemsha alipita na mkokoteni wake akinadi.

"Kisha?"

"Nilikaa pale juu. Nilimwita, hakuitika. Watu chini wanaimba, mimi nimekaa. Jua lilipoinama nikashuka, nikapita kwenye gari lake. Majani yapo juu ya boneti, utepe alioufunga Mahlagha unapepea." Davud alijifuta uso. "Siku inakwisha, inspekta. Majani yasipotupwa, nuksi yote inarudi kwenye ile nyumba. Na ndani ya ile nyumba kabaki nani? Yule aliyenifumia sweta. Nikayabeba."

"Ulijua ukiyagusa unajitwika wewe."

"Nilikuwa nimeshamuua mumewe. Ningemwachia na nuksi pia?"

Alinyoosha mikono apigwe pingu. Yavar alitazama pembeni.

*

Filamu iliyokuwa ndani ya kamera ilirudi kutoka maabara ya Tehran wiki iliyofuata. Maji yalikuwa yameila karibu yote. Kipande cha mwisho kilikuwa kimepona: Davud Kamrava, mvi zimetawanywa na upepo, picha ya mwanawe mkononi, ameinua macho. Inspekta aliutazama uso huo kwa muda mrefu akitafuta ghadhabu. Haukuwa na ghadhabu. Ulikuwa uso wa mtu anayekaribia kusema neno.

Aliiweka katika jalada la ushahidi, akafunga kamba, akaenda mwenyewe kwa Bibi Mahlagha.

"Hakujirusha, mama. Wala wewe hukumsukuma. Davud amekiri."

Alimweleza kila kitu, pamoja na majani. Mjane alisikiliza huku akivuta uzi wa shali yake, mpaka ukatoka mrefu akauzungusha kidoleni.

"Gerezani kuna baridi?" aliuliza mwishowe.

"Ipo."

"Sweta lake mmelichukua?"

"Ni kielelezo, mama. Haliwezi kutoka."

 Bibi Mahlagha aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda kabatini, akawa anatafuta kitu ndani huku amempa inspekta mgongo. Delavari alidhani anaficha machozi. Aliporudi alikuwa na machozi kweli, na mkononi ameshika sindano zake za kufumia na bonge la uzi wa kijani.

"Simsamehi," alisema. "Andika hivyo. Simsamehi mpaka kufa kwangu." Akaketi, akaanza kufuma.